Bafle Yangu, Masikio ya Lupango

Ndugu musomaji, katika miji yetu ya Katanga, kama vile Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuna ufundi mumoja ambao watu wanaufanya kila siku bila kuupa jina. Ni ufundi wa kujijengea miziki ya nyumba. Hatusemi hapa mutu anayenunua sheni nzima ndani ya katoni na kuichomeka tu. Tunasema yule anayepata ampli kwa fundi wa redio, anachukua oparleri za gari lililokufa, anakwenda kwa fundi wa mbao ili apigiwe masanduku ya bafle, anatafuta betri ya volti 12 juu umeme unakuja na kwenda, kisha anaunganisha nyaya mpaka usiku wa manane. Zamani aliweka kaseti. Leo anaweka fulashi ao simu. Kazi ikiisha, lupango nzima inajua, hata kama hakuna mutu aliyetangaza.

Wengine watauliza: "Na ile nayo ni mila? Juu ya nini muandike mambo ya bafle ndani ya kitabu cha desturi?" Swali ni la haki. Lakini tukiangalia vizuri, ndani ya bafle muna maswali matatu ambayo wazee wetu waliyajua sana, hata kama hawakujua ampli. La kwanza: sauti nzuri ni ipi, na nani anaamua? La pili: mutu akitafuta uzuri, afike wapi ndipo aseme "inatosha"? La tatu: kitu nilichojijengea kwa feza yangu na kwa furaha yangu, kinaanza saa gani kuwa cha wengine? Tutayachukua moja moja, lakini kwanza tupitie kwa wazee.

Wazee walichagua sauti

Mutu akikuambia kwamba kujitengenezea sauti unayoipenda ni mambo ya kuja na meli, umuonyeshe kisanji. Kisanji, ambacho wengine wanakiita likembe, ni kibao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Fundi akirefusha ulimi wa chuma, sauti inashuka; akiufupisha, sauti inapanda. Mwenye kisanji anavipanga vyuma vyake kadiri ya wimbo wake na koo lake. Kisha mara nyingi anaongeza pete ndogo za chuma, ambazo zinatetemeka na kutia muvumo pembeni ya kila sauti.

Madimba nayo ni vilevile. Chini ya kila ubao kuna kibuyu, na ubavuni mwa kibuyu kuna tundu dogo lililofunikwa na ngozi nyembamba, mara nyingi utando wa buibui. Ubao ukipigwa, utando nao unalia: zzz. Mutu aliyezoea piano peke yake angesema chombo kimeharibika, kipelekwe kwa fundi. Kwa wazee wetu ilikuwa kinyume: chombo kisichokuwa na muvumo ule, njo kilikuwa bado hakijamalizika.

Kulikuwa pia ngoma kubwa ya mbao yenye mudomo, ile isiyokuwa na ngozi, iliyotuma habari kutoka kijiji mpaka kijiji. Ilikuwa na sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa hizo mbili ilifuata mupando na mushuko wa lugha yenyewe, hata watu wa mbali walielewa nani amekufa na nani anaitwa. Ngoma ile haikuwa muchezo wa kila mutu. Kisanji cha musafiri kilisikilika hatua chache tu, na hakuna aliyemuuliza musafiri kwa nini anakipiga. Ngoma ya habari ilisikilika mbali sana, na kwa sababu hiyo ilikuwa na wenyewe, na saa, na sababu.

Tuchukue hapa mafundisho mawili. Moja: kupanga sauti kadiri ya masikio yako si kiburi wala si kuiga, ni kazi ya zamani sana kwetu. La pili: kadiri sauti inavyokwenda mbali, ndivyo sheria inavyoongezeka.

Mashini zilipokuja

Mashini hazikuua kazi hiyo. Mwaka 1948, huko Léopoldville, Mugiriki Nicolas Jeronimidis alifungua nyumba ya diski na kuipa jina Ngoma. Mwaka 1949, ng'ambo ya mupaka wetu, katika Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, walianza kuuzisha redio ndogo ya betri iliyojengwa ndani ya sufuria ya aluminiumu. Watu waliiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5, na redio moja ilikusanya watu wengi kuizunguka. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipitia Jadotville, yaani Likasi ya leo, na kurekodi gitaa la kijana mumoja wa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda. Gitaa moja, koo moja, basi. Na dunia ikasikiliza.

Lakini mufano unaoshinda yote uko Kinshasa. Muzee Mingiedi Mawangu, aliyetoka upande wa mupaka wa Angola, alipiga likembe katikati ya makelele ya muji, na likembe haikusikilika. Hakungoja mutu amuletee vyombo. Alitoa sumaku ndani ya vyuma vya magari yaliyokufa, akajitengenezea mikro, akaunganisha ampli, akatumia vile vibomba vikubwa vya kusemea ambavyo watu waliviita lance-voix. Sauti ilitoka kubwa na yenye kukwaruza. Hakuifuta ile kukwaruza. Kundi lake, Konono No. 1, lilitoa albamu Congotronics mwaka 2004, na watu wa Ulaya waliona kama ni kitu kipya kabisa. Mutu anayejua utando wa buibui kwenye madimba hakushangaa sana. Muzee Mingiedi alikufa mwaka 2015, lakini amewaachia mafundi wetu wote neno la kutafakari: mashini inaweza kufuata masikio ya mutu, si lazima masikio yafuate mashini.

Sisi watu wa Katanga tuko ndani ya jambo hili kushinda tunavyozania. Fungua oparleri yoyote: utakuta waya mwembamba uliozungushwa, na mara nyingi ni wa shaba, nyuma yake sumaku. Zamani sumaku nyingi za oparleri nzuri zilikuwa za alnico, yaani mchanganyiko wa chuma, aluminiumu, nikeli na kobalti. Vita vilipoingia Kolwezi mwaka 1978, bei ya kobalti ilipanda vikali katika soko la dunia, na watengenezaji wengi wa oparleri wakaacha alnico na kuchukua sumaku za ferite. Kwa hiyo mutu wa Marekani ao wa Uingereza anayesikiliza diski yake jioni amekuwa na udongo wetu ndani ya nyumba yake, hata kama hajui Kolwezi iko wapi. Haifai basi sisi wenyewe tuone kwamba sauti nzuri ni mali ya wengine.

Ukweli ao utamu?

Sasa tuje kwa swali la kwanza. Kwenye atelie za mafundi kuna mabishano yasiyokwisha. Mumoja anasema: miziki ni ya mwenye kuimba, kazi ya bafle ni kupitisha kile kilichorekodiwa, bila kuongeza chumvi wala pilipili. Mwingine anajibu: "Mi njo nalipa, mi njo nasikiliza. Nataka besi inipige ku kifua. Wewe unanifundisha masikio yangu?"

Wote wawili wana haki kidogo, na wote wawili wanasahau kitu. Wa kwanza anasahau kwamba hakuna nyumba inayopitisha sauti bila kuigusa. Salo ya matofali ya metre tatu kwa nne, chini sima, juu mabati, inatia mambo yake: sauti inarudi kutoka kila ukuta, na mvua ikinyesha, mabati nayo yanapiga ngoma yao. Tena ile diski anayoiita ukweli, wakati wa kurekodi kulikuwa mutu aliyechagua sauti ipi ikae mbele na ipi ikae nyuma. Mwanzo wenyewe ulikuwa uchaguzi.

Wa pili anasahau kwamba utamu unafundishwa. Mutoto aliyekula bukari na pilipili tu, bila sombe, atasema hiyo njo chakula. Si kwamba anadanganya, hajaonja kingine. Bafle nyingi tunazozisikia leo zinapandishwa besi na kupandishwa sauti kali za juu, na katikati inaachwa tupu. Na katikati ndipo wanapokaa watu wetu wote: mwimbaji, gitaa la solo, la mi-solo na la kusindikiza. Rumba ya Congo iliandikwa na UNESCO mwezi wa 12 mwaka 2021 kati ya urizi wa dunia usioshikika kwa mikono. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Lakini urizi huo hauko ndani ya karatasi ya UNESCO. Uko katika mazungumzo ya yale magitaa. Mutu anayesema anapenda rumba, na bafle yake imemeza mi-solo, huyo anapenda jina la rumba.

Basi nani anaamua? Neno langu ni hili: mwenye masikio ndiye anaamua, lakini kwanza masikio yake yaende masomo. Masomo hayo hayalipishwi. Chukua nyimbo tatu unazozijua tangu utoto: moja yenye koo na gitaa tu, moja ya orkestra nzima, moja ya kwaya ao ya ngoma. Uende nazo kwa fundi mbele ya kulipa. Usimwambie aongeze sauti, mwambie apunguze. Kisha ujiulize: ninasikia maneno bila kuyakumbuka? Ninatofautisha solo na mi-solo? Ngoma kubwa na gitaa la besi ni vitu viwili, ao ni buum moja tu? Na kiisha saa moja, kichwa kimechoka? Mutu aliyejibu maswali haya anajua anachokipenda. Sasa anaweza kujenga.

Na kujenga kwenyewe kunafundisha. Oparleri inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mumoja. Ukiishika mukononi bila sanduku, sauti nzito za mbele na za nyuma zinauana, sawa watu wawili wanaosukuma mulango mumoja, huyu akiwa ndani, yule akiwa inje. Ndiyo sababu bafle inahitaji sanduku. Sanduku lililofungwa kabisa linatoa besi fupi na yenye heshima, nzuri kwa gitaa na kwa sauti ya mutu. Sanduku lenye bomba linatoa besi kubwa zaidi, lakini bomba likikatwa bila vipimo, kila noti ya chini inakuwa noti moja. Mulombwa ni mbao nzuri kwa macho. Hata hivyo tripleksi nene ya milimetre 18, iliyofungwa kwa gundi na kutiwa mbavu ndani, inafanya kazi yake vizuri. Musingi ni kwamba oparleri iimbe, sanduku linyamaze. Blanketi la zamani ao pamba ndani ya sanduku inasaidia.

Kuhusu ampli, soma nyuma yake. Kama imeandikwa omu 4 mpaka 8, oparleri mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, sawa. Lakini mbili za omu 4 zinakuwa 2, na ampli itapata moto mpaka kuungua. Oparleri za gari nyingi ni za omu 4, kwa hiyo angalisho.

Kisha kuna kazi isiyoomba hata franka moja: kuziweka. Stereo, ambayo Mwingereza Alan Blumlein aliiandikia hati tangu mwaka 1931, inataka bafle mbili na mutu wafanye pembe tatu zilizo sawa, na zile sahani zitazame masikio yake. Usipandishe bafle moja juu ya kabati na kuficha nyingine nyuma ya kiti, ati juu ya nafasi. Ukiisukuma bafle kwenye pembe ya nyumba, besi inaongezeka. Ukiitoa kidogo, inasafishika. Rido nzito na mukeka zinakula muvumo wa kuta. Watu wengi wametupa ampli nzima, kumbe ilikuwa ni rido tu iliyokosekana.

Inatosha ni wapi?

Swali la pili ni la feza na la kiburi. Kwenye katoni wanaandika wati 1000, wati 2000, na vijana wanapigana juu ya namba hizo. Masikio hayahesabu hivyo. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, yaani kuongezeka ambako mutu anakusikia, lakini si sana. Ili sauti ionekane mara mbili kwa ukubwa, unahitaji wati karibu mara kumi. Katika salo ya kawaida, mutu anayesikiliza kwa utulivu anatumia wati chache. Ampli ya wati 20 za kweli inatosha kujaza nyumba na kubakiza. Wati zinazobaki zinalipiwa kwa ajili ya nini? Mara nyingi kwa ajili ya macho ya mugeni.

Kuna watu wanaosema kwamba masikini hana haki ya kutafuta sauti nzuri: alipe kwanza minerval ya watoto, alipe nyumba, miziki atasikia mbinguni. Ninakubali nusu tu. Ni kweli, baba anayenunua ampli wakati mutoto wake amefukuzwa masomoni juu ya minerval, amegeuza mambo, na hakuna wimbo utakaomfunika. Lakini nusu ya pili siikubali. Mutu aliyetoka kazini, mikono imechoka na kichwa kimejaa makelele ya mashini, anahitaji kitu kinachomukumbusha kwamba yeye si mashini. Masikini naye ana nafsi. Kumuambia uzuri si wake ni kumunyanganya mara ya pili.

Tofauti iko pengine. Kuna kujenga kwa ajili ya masikio, na kuna kujenga kwa ajili ya macho ya jirani. Anayejenga kwa masikio anafika siku moja anaposema: "Bon, inatosha," juu anasikia kile alichokitafuta. Anayejenga kwa macho hafiki, kwa sababu jirani naye atanunua kubwa kushinda yake. Na yule anayejenga polepole, kipande kwa kipande, amejifunza kungoja. Tena chombo chake kikiharibika anajua pa kufungua. Sheni ya katoni ikikufa inakuwa kiti cha kuku. Bafle uliyoijenga inatengenezeka.

Ukuta hauzuii besi

Sasa swali la tatu, na ndilo zito. Mutu anasema: "Niko kwangu. Nyumba yangu, betri yangu, bafle yangu." Na ni kweli vyote ni vyake, isipokuwa kimoja: sauti ikishatoka. Sauti kali za juu zinasimamishwa na ukuta na rido; besi haisimamishwi. Inapita matofali, inapita mulango, inaingia kitandani mwa mutu ambaye hakuiita. Ndiyo maana usiku unasikia miziki ya avenu ya tatu bila maneno na bila magitaa, ni ngumi peke yake. Yaani jirani hapati hata utamu wa wimbo, anapata mabaki.

Macho yana kope, masikio hayana. Mutu asiyependa rangi ya nyumba yako anageuza uso. Asiyependa wimbo wako atageuza nini?

Kuna jibu moja la haraka: basi kila mutu avae ekuteri masikioni, na neno limeisha. Lakini tungepoteza kitu. Watu wangapi katika miji yetu walijifunza rumba kupitia ukuta? Mutoto wa nyumba isiyokuwa na redio alijua nyimbo zote za Franco na za Tabu Ley kwa sababu jirani aliwasha, na jirani hakumudai kitu. Mama aliyefua nguo kwenye lupango aliimba pamoja na bafle ya nyumba nyingine. Siku ya ndoa, siku mutoto amepita diplome, tunataka miziki itoke inje, itangaze, iite watu. Lupango yenye kimya kabisa si lupango yenye amani. Pengine ni lupango ambamo watu hawajuani tena.

Kwa hiyo sauti inayovuka ukuta inaweza kuwa zawadi na inaweza kuwa mateso, na mara nyingine ni wimbo uleule. Nini kinachotofautisha? Nadhani ni hiki: zawadi ni kitu ambacho mwenye kupewa anaweza kukataa, na wewe usikasirike. Mama jirani akija mulangoni akasema: "Papa, samahani, punguza kidogo, mutoto iko mugonjwa," ile dakika njo inapima mutu. Kama mukono unakwenda kwenye buto kabla ya mama kumaliza neno, basi miziki yako ilikuwa zawadi tangu mwanzo. Kama unajibu "Niko kwangu", ilikuwa ni nguvu tu, imevaa nguo ya wimbo.

Na kuna wakati ambapo jirani hapaswi kuja kuomba. Kilio kikiwa katika avenu, mutu mwenye adabu anazima bila kuambiwa. Hapo hatuhitaji polisi wala barua ya bwana wa mutaa. Mutu anayeendelea kupiga miziki ya furaha wakati maiti iko kwa jirani amejitoa mwenyewe kati ya watu, hata kama bafle yake ni ya mulombwa mutupu. Ni sheria ileile ya ngoma ya mbao: sauti inayokwenda mbali ina saa na ina sababu.

Zaidi ya heshima kuna afya. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mutu mukubwa anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari kwa masikio. Zikifika 90, saa zinabaki 4 tu kwa juma. Mutu asiyekuwa na kipimo ajipime hivi: kama mutu aliyesimama karibu nawe sharti apige kelele ili umsikie, imepita. Masikio yaliyokufa hayana fundi. Na wanaoanza kuyapoteza ni watoto wa nyumba ile, wanaolala upande wa pili wa ukuta wa bafle. Wazee walisema ngoma ikivuma sana mwisho inapasuka. Kwa siku zetu tuongeze kwamba inaweza kupasua masikio kabla ya kupasuka yenyewe.

Na ndani ya nyumba?

Kabla ya kumaliza, tuangalie ndani ya salo yenyewe. Tumesema "masikio yangu" mara nyingi. Lakini bafle ya nyumba ina masikio ya watu wengi: mama, watoto, nyanya aliyekuja kutoka kijijini, mugeni. Mara nyingi baba ndiye anajenga, na baba ndiye anachagua wimbo, na wengine wanazoea. Anajisifu kwamba amejenga kadiri ya masikio ya nyumba, kumbe ni masikio ya kiti kimoja.

Ingefaa mwenye kujenga awaulize wale watakaoishi na ile sauti. Mama anapenda kwaya, na kwaya inaomba katikati iliyo wazi na kupumua, si besi. Nyanya hasikii tena sauti za juu vizuri, kwa sababu umri unapunguza hizo kwanza; anataka maneno yasikilike polepole. Vijana wanataka ngumi. Bafle moja haiwezi kuwapendeza wote kwa kipimo kilekile, lakini siku zina saa nyingi, na buto zipo ili zizungushwe. Nyumba ambamo kila mutu ana zamu yake kwenye buto, watoto wanajifunza jambo ambalo hakuna masomo yanayolifundisha vizuri: kusikiliza kitu ambacho si chaguo lako, mpaka mwisho, bila kunung'unika.

Tumalize, ndugu musomaji. Kujijengea miziki ni kazi nzuri, na tuwaheshimu mafundi wetu wa redio na wa mbao kama tunavyowaheshimu watengenezaji wa madimba, juu wako katika ukoo mumoja. Mutu afundishe masikio yake, ajenge kile anachokipenda kweli, na asimame pale panapotosha. Na buto ya sauti, ile ndogo iliyo mbele ya ampli ambayo hakuna anayeihesabu katika bei, aijue vizuri kushinda vyote. Ndiyo peke yake ndani ya chombo kile inayomuuliza, kila siku, kama anakumbuka kwamba kuna watu wengine.